Mwongozo Kamili wa Kutembelea Kanisa Kuu la Mtakatifu Olav, Oslo

Anayefika Oslo na kuuliza njia ya kwenda "domkirke", neno ambalo kwa Kinorwei maana yake ni kanisa kuu, ataelekezwa kwa ukarimu mpaka uwanja wa Stortorvet, na hapo atakuta kanisa zuri lililowekwa wakfu mwaka 1697, ambalo si la Kikatoliki. Hilo ni kanisa kuu la Walutheri. Jumapili yangu ya kwanza mjini humo niliingia hapo, nikakaa nyuma, nikafuata ibada kwa robo saa nzima huku macho yakitafuta taa ya Ekaristi, ile inayowaka daima katika kanisa la Kikatoliki, pembeni mwa altare, na nilipoikosa ndipo nilipotambua kwamba nimeingia nyumba ya jirani. Walinipokea vizuri, lakini misa niliyoikusudia ilikuwa inaendelea kilimani, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka pale.

Kwa hiyo neno la kwanza la kukariri kabla ya safari ni jina lenyewe: St. Olav domkirke. Ukiuliza, taja jina la Olav na uongeze neno "katolsk". Bila maneno hayo mawili, kila mtu atadhani unatafuta kanisa la Stortorvet.

Kabla ya safari: fahamu unakwenda kwa nani

Jengo hili si kubwa. Msomaji aliyezoea Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar es Salaam, lenye mtindo uleule wa Kigothi na lililojengwa kati ya 1897 na 1902, anaweza kusimama mbele ya lile la Oslo akajiuliza mbona kinasifiwa kitu cha kawaida. Thamani yake imo katika historia, na historia hiyo ni vema uijue ungali nyumbani, kwa sababu ukishaingia ndani hakuna atakayekusimulia.

Norwei ilikuwa nchi ya Kikatoliki kwa karne tano. Mfalme Olav Haraldsson, aliyeuawa vitani Stiklestad tarehe 29 Julai 1030, alitangazwa mtakatifu mwaka mmoja tu baadaye, na kaburi lake huko Nidaros, mji unaoitwa Trondheim leo, likawavuta mahujaji kutoka kaskazini yote ya Ulaya. Kisha yakaja Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1537 Askofu Mkuu Olav Engelbrektsson alikimbia nchi, na mfalme wa Denmark, aliyeitawala pia Norwei, akaifanya imani ya Kilutheri kuwa dini ya dola. Sheria ya Mfalme Christian V ya mwaka 1687 iliwakataza mapadre na watawa wa Kikatoliki kuonekana nchini, na adhabu yake ilikuwa kifo. Hata katiba ya mwaka 1814, ambayo Wanorwei wanaisherehekea kila tarehe 17 Mei kwa bendera na maandamano ya watoto, iliendelea kuwakataza watawa na Wajesuiti, yaani mapadre wa Shirika la Yesu. Katazo la mashirika ya watawa liliondolewa mwaka 1897. Lile la Wajesuiti lilidumu mpaka 1956. Yupo mtu aliye hai leo ambaye alizaliwa wakati Mjesuiti alikuwa haruhusiwi kuingia Norwei.

Katikati ya hayo yote, mwaka 1843, kikundi kidogo cha Wakatoliki wa Oslo, mji ulioitwa Christiania wakati huo, wengi wao wakiwa wageni kutoka nchi nyingine, kilipata kibali cha kuanzisha parokia. Mwaka 1845 ikapitishwa sheria iliyowaruhusu Wakristo wasio Walutheri kuabudu hadharani. Ujenzi wa kanisa ulifuata, kwa michoro ya Heinrich Ernst Schirmer, msanifu mzaliwa wa Ujerumani ambaye pia alishiriki kulikarabati kanisa la kale la Nidaros, na mwaka 1856 likaanza kutumika. Kati ya wafadhili wake wakubwa alikuwemo Malkia Josephine, mke wa Mfalme Oscar I wa Uswidi na Norwei, Mkatoliki aliyeishi maisha yake yote ya kimalkia ndani ya ikulu ya Kilutheri bila kuiacha imani yake. Lilipewa hadhi ya kanisa kuu mwaka 1953, jimbo la Oslo lilipoundwa.

Ukiyajua hayo, hutaliingia kanisa hili kama mtalii anayekagua madirisha. Utaingia katika nyumba ya watu walionyimwa mlango kwa miaka mia tatu.

Kuchagua siku na saa

Ratiba za misa zimo katika tovuti ya Kanisa Katoliki nchini humo, katolsk.no, na ni lazima uzitazame wiki ileile ya safari, kwa sababu katika likizo ya kiangazi, hasa mwezi Julai, saa nyingi hubadilika. Misa husaliwa kwa Kinorwei, na pia kwa lugha nyingine kadhaa kutokana na wingi wa wahamiaji, Kiingereza kimo. Ukitaka kuliona Kanisa la Norwei lilivyo kweli, hudhuria ile ya Kinorwei hata kama huelewi neno. Misa ni ileile unayoijua tangu utotoni, na mwili utakumbuka wenyewe lini kusimama na lini kupiga magoti.

Jambo la saa linawakwaza wengi wetu. Ratiba ikiandika kl. 11, maana yake ni saa tano asubuhi. Wakati wa baridi Oslo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, na wakati wa kiangazi kwa saa moja, kwa kuwa saa zao husogezwa mbele mwishoni mwa Machi na kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Ukifika katika mojawapo ya Jumapili hizo mbili, hakiki saa yako usiku kabla ya kulala.

Kuhusu majira, ushauri wangu ni mmoja tu. Ukiweza kuchagua, chagua tarehe 29 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Olav, ambayo Wanorwei huiita Olsok. Ni siku ambayo mtakatifu msimamizi wa kanisa hili na wa nchi nzima anaadhimishwa, na siku nyingine yoyote ni ya pili kwake. Desemba jua hutua saa tisa na robo alasiri, theluji na barafu hutanda njiani, na anayekuja bila viatu vyenye soli ya kushika ataanguka; madukani huuzwa vyuma vidogo vya kuvalisha chini ya kiatu, vinaitwa "brodder", na kuvinunua si anasa. Juni, kwa upande mwingine, mwanga haukomi mpaka saa nne na nusu usiku kupita.

Njia ya kufika

Kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen, treni hufika stesheni kuu ya Oslo kwa muda usiozidi nusu saa. Kutoka stesheni, tembea. Ni mwendo wa dakika 15 hadi 20, na una mlima kidogo.

Fuata barabara kuu ya Karl Johans gate, na kanisa la Stortorvet utalipita upande wako wa kulia. Lipe heshima yake, usiingie bado. Mbele kidogo kata kulia uingie Akersgata na uipande moja kwa moja. Utapita eneo la ofisi za serikali lililolipuliwa kwa bomu tarehe 22 Julai 2011, na baada ya hapo utaona kanisa kubwa la matofali lenye kuba. Hapa ndipo wanapokosea hata wale waliokwepa kosa la kwanza. Kanisa lile la kuba ni Trefoldighetskirken, yaani kanisa la Utatu, nalo ni la Kilutheri, lililokamilika mwaka 1858, miaka miwili tu baada ya la kwetu. Usisimame. Endelea hatua chache mbele mpaka njia inapogawanyika, Ullevålsveien ikienda kushoto na Akersveien kulia. Kanisa la matofali lenye mnara mwembamba lililosimama kwenye mgawanyiko huo ndilo la Mtakatifu Olav.

Wenyeji wa Dar es Salaam hawatashangaa ujirani huo, kwani Azania Front ya Walutheri na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki zimekaa kando kando mbele ya bandari ileile kwa zaidi ya miaka mia moja. Tofauti ni kwamba kwetu makanisa yote mawili yalijengwa na wageni waliokuja wakati mmoja, ilhali hapa moja lilikuwa la dola na lingine la watu walioruhusiwa juzi.

Kuingia ndani

Fika robo saa kabla ya misa, au, kama nia yako ni kutazama tu, fika saa ambayo hakuna ibada. Hakuna kiingilio. Wanaume wavue kofia mlangoni, hata ile ya sufi ya baridi. Mavazi ya heshima yanatosha. Wanorwei wengi huja na nguo za kawaida tu, wala usiogope kuja na kitenge, maana si wewe pekee uliyetoka mbali. Koti lako zito livue ukishakaa, kwa sababu ndani kuna joto, na kukaa umejifunga koti misa nzima humfanya mtu aonekane kama anayetaka kuondoka.

Zima mlio wa simu. Picha zipigwe nje ya muda wa misa, bila mwanga wa kamera, na kamwe zisiwe za mtu anayesali. Ukimkuta mtu amepiga magoti peke yake, pita nyuma yake, si mbele.

Chovya vidole katika maji ya baraka, fanya ishara ya msalaba, kisha tafuta taa inayowaka karibu na tabernakulo, kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, na upige goti kuielekea kabla ya kukaa. Tendo hilo dogo ndilo linalotofautisha kanisa hili na mawili uliyoyapita njiani. Msomaji Mlutheri hatakiwi kupiga goti ikiwa dhamiri yake haimtumi. Kuinamisha kichwa kwa adabu kunatosha.

Mtafute Mtakatifu Olav mwenyewe. Alama yake ni shoka, chombo kinachosimuliwa kuwa ndicho kilichomuua, na shoka hilohilo utaliona mikononi mwa simba katika nembo ya taifa la Norwei, ambalo liliendelea kulibeba shoka la mtakatifu hata katika karne zile ambazo kumwomba kulikatazwa. Kanisani humo kumehifadhiwa pia mfupa unaoheshimiwa kama masalia yake, uliofika hapa miaka ya 1860 kupitia Malkia Josephine. Ni masalia machache mno yaliyobaki. Jeneza la thamani la Nidaros lilivuliwa fedha na vito vyake baada ya Matengenezo, na mwili ukazikwa mahali pasipojulikana. Mpe mfupa huo dakika chache za kimya.

Ukitaka kuwasha mshumaa, uwe na sarafu za krona au kadi ya benki. Norwei imekaribia kuacha kabisa matumizi ya fedha taslimu, na malipo mengi ya sadaka hufanyika kwa Vipps, programu ya simu ambayo mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko hawezi kuitumia. Badilisha noti ndogo mapema, ununue hata kahawa upate chenji, kwa sababu hutampata wa kukubadilishia pale mlangoni.

Wakati wa misa

Jibu la kwanza la kujifunza ni "Og med din ånd", yaani "na roho yako", litakalofuata padre akisema "Herren være med dere". Kwenye amani mtu atakugeukia, atakupa mkono na kusema "Guds fred". Mkono huo ni mfupi. Mnorwei hakumbatii mtu asiyemjua, wala usimhesabie kuwa amekukataa. Wimbo ukianza, fungua kitabu na uimbe hata kwa sauti ya chini. Maandishi ya Kinorwei hayako mbali sana na matamshi kwa mtu aliyezoea kusoma silabi kwa silabi kama sisi.

Komunio inahitaji uangalifu. Mkatoliki aliye tayari kiroho, aliyefunga saa moja kabla, anakwenda mbele. Padre anasema "Kristi legeme", naye anajibu "Amen". Asiye Mkatoliki hapokei. Nalisema hili waziwazi kwa ajili ya ndugu zetu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambao, wakiwa Norwei, wanaweza kupokea bila shida katika kanisa la Stortorvet. Hapa ikunje mikono yako kifuani na usogee na wengine, padre atakubariki. Au baki kwenye kiti chako, na hakuna atakayekutazama vibaya.

Kitubio huitwa "skriftemål". Mapadre wengi wanaohudumu nchini humo wametoka nchi nyingine, na kumpata anayesikiliza kwa Kiingereza si vigumu. Uliza kabla ya misa, si baada.

Sasa geuza macho kwa waumini wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kanisa hili linapojieleza. Utawaona Wapolandi, Wafilipino, Wavietnamu, Walithuania, Watamil wa Sri Lanka, Waeritrea, Wakongo waliofika kama wakimbizi. Wanorwei wa asili wamo, baadhi yao wakiwa wameingia Ukatoliki ukubwani, kama alivyofanya mwandishi Sigrid Undset mwaka 1924, miaka minne kabla ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, uamuzi ulioishtua nchi yake. Zaidi ya nusu ya wananchi bado wameandikishwa katika Kanisa la Norwei la Kilutheri, ingawa wengi huonekana kanisani siku ya ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko tu. Ndiyo maana benchi lililojaa hapa Jumapili ni jambo la kuangaliwa kwa makini.

Baada ya misa

Usikimbie. Makanisa ya Norwei, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, yana desturi iitwayo "kirkekaffe", kahawa ya baada ya ibada, na ukisikia neno hilo katika matangazo, fuata watu wanakoelekea. Mnorwei aliyekupa mkono wa haraka kanisani atakaa nawe nusu saa mbele ya kikombe na kukuuliza ulikotoka. Mara moja mama mmoja mzee alinisukumia kipande cha keki ya mdalasini, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba alipobatizwa Mkatoliki akiwa kijana, baba yake mzazi hakuzungumza naye kwa miaka miwili. Kisha akanimiminia kahawa nyingine. Kukaa naye kulinifundisha zaidi ya maandishi yoyote niliyoyasoma juu ya kanisa lile.

Ukiwa Mtanzania, usishangae mtu akitaja Haydom. Hospitali ile ya Kilutheri wilayani Mbulu ilianzishwa na Wanorwei miaka ya 1950, na wapo Wanorwei wengi waliofanya kazi huko, baadhi yao wakiwa bado na Kiswahili safi mdomoni.

Kwa anayehamia Norwei, si kwa matembezi, ipo hatua moja ya ziada. Baada ya kupata namba yako ya utambulisho, nenda parokiani ujiandikishe mwenyewe, kwa hiari yako na kwa maandishi. Dola huzipa jumuiya za dini ruzuku kulingana na idadi ya waumini walioandikishwa, na jina lako moja lina uzito katika parokia ya wahamiaji kuliko unavyodhani. Chukua cheti chako cha ubatizo kutoka nyumbani, kwa sababu utakihitaji siku ya ndoa au ya kipaimara cha mtoto, na kukiagiza kutoka parokia ya kijijini ukiwa Oslo huchukua miezi.

Kuendelea na Akersveien

Ukitoka, usirudi njia uliyojia. Panda Akersveien. Kushoto kwako ni makaburi ya Vår Frelsers gravlund, yaliyofunguliwa mwaka 1808, wanapolala Henrik Ibsen na mchoraji Edvard Munch. Novemba, wakati wa kuwakumbuka marehemu, mishumaa huwaka juu ya makaburi hayo ndani ya giza la alasiri. Kulia utaona kinjia cha Damstredet chenye nyumba ndogo za mbao za zamani, na miteremko yake ya mawe huteleza ikinyesha.

Mwisho wa barabara, juu kilimani, limesimama Gamle Aker kirke, kanisa la mawe la karne ya 12, jengo la kale kuliko yote yanayoendelea kutumika Oslo. Leo ni la Kilutheri. Lakini waliopanga mawe yale walikuwa Wakatoliki, na misa iliyosaliwa humo kwa karne kadhaa, kwa Kilatini, ndiyo uliyotoka kuisali muda mfupi uliopita chini ya kilima. Ukikuta mlango umefunguliwa, ingia, ukae kwenye benchi, na uguse ukuta kwa kiganja. Mawe hayo huwa ya baridi hata mwezi wa Julai.